Kufufua Mashine Kuukuu za Useremala

Wazee wana mithali mbili zinazopingana. Moja yasema, "Ya kale ni dhahabu." Ya pili yasema, "Ya kale hayako." Mtu akizisikia zote mbili hujiuliza ni ipi iliyo ya kweli. Lakini fundi anayetengeneza upya mashine kuukuu za mbao hana budi kuzishika zote mbili pamoja. Maana katika mashine iliyofanywa miaka mia iliyopita mna mambo mema ambayo ni hasara kuyatupa, na tena mna mambo mabaya ambayo ni hatari kuyarudisha. Kupambanua haya na yale ndiyo kazi yenyewe, na asiyejua kuyapambanua huenda akapata mashine nzuri na kupoteza vidole vyake.

Mashine hizi zilitoka wapi

Tangu zamani seremala alifanya kazi kwa nguvu za mikono yake. Seremala wa pwani alikuwa na tezo, msumeno, patasi, randa, na keekee izungushwayo kwa uta. Na kwa vyombo hivyo alifanya milango, vitanda na majahazi. Vyombo vya seremala wa Ulaya havikuwa mbali sana na hivyo. Mabadiliko yalianza mwisho wa karne ya 18. Mwaka 1793 Mwingereza mmoja, jina lake Samuel Bentham, alipewa na serikali hati ya kulinda haki ya mvumbuzi, na katika hati hiyo alieleza mashine za kupasua mbao, za kupiga randa na za kuchimba matundu. Miaka michache baadaye, katika bandari ya Portsmouth, ziliwekwa mashine za kufanyia kapi, yaani zile roda za mbao ambazo kamba za matanga hupita ndani yake. Marc Brunel ndiye aliyezibuni, na Henry Maudslay ndiye aliyezifanya. Manowari moja kubwa ya siku zile ilihitaji kapi karibu elfu moja. Kufikia mwaka 1808 mashine zile zilikuwa zikitoa kapi 130,000 hivi kwa mwaka, na watu 10 waliweza kufanya kazi ambayo kwanza ilitaka mafundi 110.

Katika mwaka uo huo wa 1808, William Newberry wa London alipata hati ya msumeno wa namna mpya. Msumeno huu haukwenda mbele na nyuma kama ule wa mkono, bali ulikuwa utepe mrefu wa chuma chenye meno, ambao ncha zake mbili zimeungwa pamoja, nao ukizunguka daima juu ya magurudumu mawili. Wazo lilikuwa jema, lakini utepe ulikatika kila mara, kwa kuwa hakuna aliyejua kuziunga ncha zile zikashika. Basi wazo likalala karibu miaka 40. Mwaka 1846 mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crépin, alipata hati ya njia ya kuunga ncha hizo. Na chuma cha pua kilipozidi kuwa bora, msumeno wa utepe ukaenea katika nchi nyingi. Hivyo ndivyo mambo yalivyo: mara nyingi werevu wa mtu mmoja hungoja kazi ya mwingine.

Hapo kwanza mashine za kiwanda hazikuwa na nguvu zake zenyewe. Palikuwa na mtambo mmoja wa mvuke au gurudumu la maji, ambalo lilizungusha mhimili mrefu chini ya dari. Na kutoka katika mhimili huo mikanda ya ngozi ilishuka mpaka kwenye kila mashine. Baadaye umeme ulipoenea, kila mashine ikapewa mota yake. Viwanda vingine vilifungwa, vingine vikanunua mashine mpya zilizo nyepesi na za haraka, na zile za zamani zikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Tena zilikuwako mashine ndogo zilizofanywa makusudi kwa watu wa nyumbani, kama zile za Delta, kampuni iliyoanza katika mji wa Milwaukee huko Marekani mwaka 1919. Mpaka leo, katika Marekani na Uingereza, watu wengi huzitafuta mashine hizo katika maghala na mabanda, huzipeleka katika karakana zao za nyumbani, na kuzifufua.

Kwa nini huzitaka

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kujitaabisha na kitu kilichojaa kutu, hali madukani mna vipya? Sababu ya kwanza ni uzito. Mwili wa mashine za kale ulifanywa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Msumeno wa utepe wenye magurudumu ya upana wa inchi 36 waweza kuzidi nusu tani. Mashine nzito haitetemeki, na mashine isiyotetemeka hukata mstari ulio sawa. Chuma hiki hunyamazisha mtetemo kama vile mchanga unyamazishavyo kishindo cha miguu.

Sababu ya pili ni kwamba mafundi wa zamani walizifanya mashine hizo ili zifunguliwe. Karibu kila kipande kimefungwa kwa bolti na nati, wala hakuna kilichofichwa. Kikichakaa kimoja, hutolewa na kutengenezwa, na vingine hubaki. Kitu kinachoweza kufunguliwa huweza kuishi siku nyingi.

Lakini uzito huohuo umeumiza watu wengi. Msumeno wa utepe ni mrefu na mzito upande wa juu, nao huanguka upesi. Mtu mwenye busara huondoa kwanza magurudumu na meza, kisha huushusha mwili polepole kwa kamba na kapi imara, na wasaidizi wa kutosha. Nao wote huambiwa jambo moja kabla ya kuanza: mashine ikianza kuanguka, iacheni ianguke. Chuma kikivunjika, huenda kikapatikana kingine, lakini mguu uliopondwa haununuliwi.

Kwanza macho, kisha mikono

Fundi asiye na subira huanza kwa nyundo na spana. Fundi mwema huanza kwa macho. Huizunguka mashine pande zote akitafuta nyufa, hasa penye miguu, penye mikono ya magurudumu, na mahali bolti zinapopita. Kisha huvigongagonga vipande vilivyoning'inizwa kwa nyundo ndogo, na kusikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele; chenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Gurudumu lenye ufa halifai hata kidogo, maana likizunguka kwa kasi laweza kupasuka na kuruka vipande vipande.

Baada ya kutazama, huchora. Kila upande huchorwa au kupigwa picha kabla ya nati ya kwanza kufunguliwa. Kila kipande hutiwa alama ndogo mahali pasipoonekana, ili mtu ajue hiki kilikaa kushoto na kile kilikaa kulia. Bolti za mahali pamoja huwekwa katika kopo moja, na juu ya kopo huandikwa zilikotoka. Kazi hii yaonekana kuwa ya kuchosha, lakini kazi ya kufufua mashine huchukua miezi, na kichwa cha mtu hakishiki mambo ya miezi yote. Asiyeandika hujikuta mwisho ana bolti saba mkononi na hajui za wapi.

Nati iliyoshikwa na kutu haivunjwi kwa nguvu. Hutiwa mafuta mepesi yapenyayo, ikaachwa usiku kucha, ikagongwa kidogo, ikatiwa tena. Nyingine hutaka siku tatu au nne. Hapa wengi hukosea kwa sababu ya chuma cha kusubu chenyewe. Chuma hiki hustahimili kukandamizwa, lakini hakipindiki. Kikipigwa nyundo kwa nguvu huvunjika kama chungu, wala kukiunga ni kazi ngumu ambayo mafundi wachache waijua. Tena yafaa kukumbuka ya kwamba si kila nati hufunguliwa kwa kuzungushwa upande mmoja. Katika mihimili mingine ya misumeno, nati ilifanywa kufungwa kwa kushoto, ili mzunguko wa mashine usiilegeze. Mtu asiyejua hayo hudhani anafungua, kumbe anaikaza, mpaka inakatika mkononi.

Kuondoa kutu

Kutu ni chuma kilicholiwa na hewa na maji. Ile nyembamba juu ya meza huondolewa kwa wembe mpana ulioshikwa kwa kulala, pamoja na mafuta ya taa na brashi ya waya. Vipande vidogo hulowekwa katika siki kwa siku moja au mbili, kisha huoshwa vizuri na kukaushwa mara moja.

Kwa vipande vikubwa mafundi hutumia umeme. Hujaza pipa la plastiki maji, wakatia magadi ya kufulia kiasi cha kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Ndani ya maji hutundika kipande chenye kutu upande mmoja, na bamba la chuma kisichofaa upande mwingine, visigusane. Kisha huleta waya mbili za chaja ya betri. Waya wa hasi hufungwa katika kipande cha mashine, na waya wa chanya katika bamba. Umeme upitapo, mapovu huonekana na kutu hulegea. Baada ya saa nyingi hutoka kwa brashi tu. Ajabu ya njia hii ni kwamba chuma kizima hakiliwi. Lakini waya zikigeuzwa, basi kipande cha mashine ndicho huliwa, na bamba ovu ndilo husalimika.

Njia hii ina hatari mbili. Ya kwanza, mapovu yale ni hewa iwakayo moto. Kwa hiyo kazi hufanywa nje, mbali na moto na cheche, wala mtu hagusi waya wala kipande kabla ya kuzima chaja. Ya pili, bamba lisiwe la chuma kile kisichoshika kutu, kama cha masufuria yang'aayo, kwa sababu maji hugeuka kuwa sumu.

Kipande kikiisha kutoka majini hukaushwa na kupakwa mafuta papo hapo. Chuma kilichosafishwa hushika kutu mpya kabla ya mtu kwisha kunywa chai yake. Meza ya msumeno, ambayo mbao hupita juu yake, hupakwa nta badala ya mafuta, ili mbao ziteleze wala zisipate madoa.

Beringi za madini laini

Mahali mhimili unapokaa na kuzunguka huitwa beringi. Mashine za siku hizi nyingi zina beringi za gololi. Nyingi za zamani hazina gololi. Mhimili hukaa katika madini laini yaliyomiminwa. Mtu aliyeyapatia sifa madini hayo ni Isaac Babbitt, Mmarekani, ambaye alipata hati yake mwaka 1839; hata leo huitwa kwa jina lake. Yale yaliyo bora ni bati kwa sehemu kubwa, pamoja na antimoni kidogo na shaba nyekundu kidogo. Mengine ya bei nafuu yana risasi nyingi.

Mwanafunzi atashangaa: yawezekanaje chuma kigumu kikae juu ya madini laini? Jibu lake ni hili. Kati ya mhimili na madini mna utando mwembamba wa mafuta, na mhimili huelea juu ya utando huo. Chembe ya mchanga ikiingia, huzama katika madini laini wala haikwaruzi mhimili. Na mafuta yakiisha kwa uzembe wa mtu, madini ndiyo huyeyuka kwanza, kwa kuwa bati huyeyuka kwa joto la digrii 232 tu, lakini chuma hutaka zaidi ya digrii elfu moja. Beringi huharibika, na mhimili husalimika. Tena beringi yaweza kumiminwa upya na mtu mwenyewe, lakini mhimili ulioharibika hutaka karakana kubwa.

Kumimina kwenyewe hufanywa hivi. Madini ya zamani huyeyushwa na kutolewa. Mhimili husafishwa, hupakwa masizi ya mshumaa ili madini yasigandamane nao, kisha hulazwa mahali pake hasa, ukipimwa mara nyingi. Ncha za beringi huzibwa kwa udongo mkavu wa kuzibia. Chuma chote hupashwa moto. Madini huyeyushwa katika sufuria ya chuma mpaka kijiti kikavu kikitumbukizwa kinageuka rangi na kuungua kidogo pasipo kuwaka. Ndipo humiminwa kwa mara moja bila kusita, kwa maana akisita kidogo, sehemu ya kwanza huganda na ya pili haishikamani nayo.

Hapa ndipo penye hatari kuliko mahali pengine pote. Tone moja la maji, au unyevu katika kijiko cha kuchotea, likigusa madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafula, na madini huruka usoni kama risasi za bunduki. Kwa hiyo kila chombo hupashwa moto kwanza hata kikauke kabisa, na fundi huvaa miwani ya kulinda macho, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika miguu. Hufanya kazi penye upepo wa kutosha, wala havuti moshi wake, maana risasi ni sumu. Kazi hii si ya mtoto, wala si ya mtu mzima aliye peke yake.

Beringi ikiisha kupoa hukwanguliwa kidogo kidogo. Mhimili hupakwa rangi nyembamba, huzungushwa, hutolewa, na mahali palipopata rangi ndipo palipoinuka, hapo hukwanguliwa. Kati ya nusu mbili za beringi huwekwa vipande vyembamba vya shaba au karatasi. Beringi ikichakaa baada ya miaka, kipande kimoja huondolewa, kifuniko hushuka kidogo, na mhimili hukaa imara tena. Waliobuni jambo hili walikuwa wakimfikiria mtu atakayekuja baada yao.

Kuunga tena

Mashine hurudishwa kwa kufuata michoro. Katika msumeno wa utepe magurudumu mawili hukaa moja juu ya jingine, kama magurudumu ya baiskeli iliyosimamishwa. La chini huendeshwa na mota. La juu hupandishwa ili kuukaza utepe, na huweza kuinamishwa kidogo ili utepe ukimbie katikati ya ukingo wake wa mpira. Ukingo huo ukikauka na kupasuka hubadilishwa. Fundi huchukua rula ndefu iliyonyoka na kuona kama magurudumu yote mawili yamekaa katika mstari mmoja. Huzungusha kwanza kwa mkono, mara nyingi, akitazama utepe unavyokwenda. Ndipo huleta umeme.

Siku ya kwanza mashine huachwa izunguke bila mbao, na fundi huweka mkono juu ya kifuniko cha beringi, mbali na utepe na mkanda. Ikiwa vuguvugu, si neno. Ikiwa ya moto hata mkono hauwezi kustahimili, huzima na kutafuta kosa: labda mafuta hayafiki, labda kifuniko kimekazwa mno.

Yasiyofaa kurudishwa

Sasa twaja kwenye mithali ya pili. Baadhi ya watu hupenda kila kitu kiwe sawasawa kama kilivyotoka kiwandani. Upendo huo ni mzuri katika nyumba ya makumbusho, ambamo mashine haikati kitu. Katika karakana waweza kuleta msiba.

Mfano ulio wazi ni mashine ya randa ya zamani. Ndani yake mlikuwa na kichwa cha chuma chenye pembe nne, na visu vimefungwa ubavuni. Kichwa kilipozunguka, kati ya pembe zake na ukingo wa meza palikuwa na nafasi pana. Mkono wa fundi ulipoteleza, vidole vilivutwa ndani ya nafasi ile, na mara nyingi havikurudi. Baadaye kikabuniwa kichwa cha mviringo, ambacho huacha nafasi nyembamba tu. Hiki nacho hujeruhi, lakini hakivuti vidole kama kile cha kwanza. Mwaka 1922 kanuni za Uingereza ziliagiza kichwa cha mviringo kitumike katika mashine za randa ambazo mbao husukumwa kwa mkono. Basi mtu aliyepata mashine yenye kichwa cha pembe nne, na akataka kuitumia, sharti akitoe na kutia cha mviringo. Cha zamani akiweke rafuni kama kumbukumbu.

Hali kadhalika na mengine. Mikanda na magurudumu ya zamani yalizunguka wazi, sasa hufunikwa. Sehemu ya utepe isiyokata hufunikwa pia. Nyaya kuukuu zilizovikwa pamba na mpira uliokauka hutupwa, na mpya huwekwa, pamoja na waya wa kupeleka umeme ardhini. Swichi huwa ya namna ile ambayo umeme ukikatika hujifungua yenyewe, ili umeme ukirudi mashine isianze ghafula na mkono wa mtu ungali juu ya meza. Rangi ya zamani mara nyingi ina risasi. Kwa hiyo haisuguliwi kwa msasa mkavu, bali hulowanishwa na kukwanguliwa, na takataka zake hukusanywa zote, zisije zikafika mahali watoto wachezapo.

Utunzaji wa kila siku

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine iliyofufuliwa kwa miezi sita yaweza kufa tena kwa uvivu wa mwaka mmoja. Kabla ya kazi, matone machache ya mafuta hutiwa katika kila tundu la beringi. Baada ya kazi, unga wa mbao hufagiliwa, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewa na kuulaza juu ya chuma. Tena huziba mapafu ya mtu na huwaka moto upesi. Utepe wa msumeno hulegezwa usiku, ili ukingo wa mpira usipate bonde. Meno hunolewa yakianza kuwa butu, maana meno butu humlazimisha mtu kusukuma kwa nguvu, na anayesukuma kwa nguvu ndiye atelezaye. Kabla ya kunoa au kubadilisha utepe, umeme hutenganishwa kabisa na mashine. Haitoshi kuzima swichi.

Mambo haya hayataki akili nyingi, ila yataka desturi. Mafundi waliozifanya mashine hizi wamekwisha kufa zamani, na majina yao wengi hayajulikani. Lakini matundu ya mafuta waliyoyatoboa, na vile vipande vyembamba vya shaba walivyoviweka kati ya nusu za beringi, vingali vikisema na kila anayefungua mashine: itunzeni, nayo itawatumikia. Na vidole vya wenzao vilivyopotea katika vichwa vya pembe nne navyo vyasema neno lake. Fundi mwema husikia sauti zote mbili.

Maswali

1. Kwa nini msumeno wa William Newberry haukufaa mwaka 1808, na ni nini kilichobadilika baadaye?
2. Fundi hujuaje kama kipande cha chuma kina ufa?
3. Katika kuondoa kutu kwa umeme, ni waya upi hufungwa katika kipande cha mashine? Ukikosea itakuwaje?
4. Eleza kwa nini madini laini hufaa kwa beringi kuliko madini magumu.
5. Taja mambo matatu ya zamani yasiyofaa kurudishwa, na ueleze sababu ya kila moja.
6. Tafuta nyumbani au shuleni chombo kimoja kilichochakaa. Andika ni nini ndani yake chafaa kuhifadhiwa, na ni nini chafaa kubadilishwa.